Usukani wa Sista Atupele

Nimestaafu ufundi wa baiskeli nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua mnacheka. Hata mama yangu alicheka, akasema kustaafu ni kwa wenye mvi na kiinua mgongo. Lakini nimekaa miaka saba kwenye benchi la mbao pale Mugumu, na sasa nimepata barua ya kwenda kufundisha fizikia huko Itiryo. Spana nimezifuta, nimezipanga, nimewaachia ninyi. Mtu akiacha kazi aliyoipenda amestaafu. Umri ni jambo jingine.

Ninawaandikia ninyi mtakaokaa pale baada yangu, na wengine wowote mnaoshika baiskeli ya mtu na kuigeuza. Kuziba pancha mnajua. Nataka kusema juu ya siti na usukani, yaani namna ya kumkalisha mtu wima juu ya baiskeli asiumie. Mafundi wengi hawaihesabu kama kazi. Mteja anasema siti iko chini, unalegeza nati, unavuta juu, unakaza, kwaheri. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipomwona nesi akishindwa kushika kalamu.

Huyo nesi ni Sista Atupele. Kwao ni Mbeya, akapangiwa zahanati moja upande wa Busawe, na siku za chanjo huendesha baiskeli kwenda vitongoji ambavyo gari haliendi. Mara ya kwanza alipokuja kwetu nilimwomba aandike namba yake ya simu kwenye daftari langu. Kalamu ikamponyoka. Akaokota, ikaponyoka tena. Akacheka kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akifika kitongojini mkono wa kulia unakuwa umekufa ganzi, kidole kidogo na cha pete havisikii kitu, na inabidi akae akivisugua kabla hajagusa sindano. Safari iliyopita hakusugua vya kutosha, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limepanda.

"Nilimchoma mtoto mara mbili," alisema. "Mama yake hakunigombeza. Ila safari iliyofuata hakuja, na majirani zake hawakuja."

Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba abadilishiwe kazi, akae ofisini mjini. Barua iko kwenye mkoba, hajaipeleka. Pale zahanati hakuna mwingine anayeendesha baiskeli. Akiondoka yeye, vile vitongoji vitasubiri gari ambalo haliendi. Nilishika spana namba kumi na nne nikahisi imekuwa nzito kama jembe.

Nirudi nyuma kidogo, maana mtajiuliza mtu mwenye shahada alifikaje kwenye benchi la baiskeli. Nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani kungoja ajira, nikangoja. Baiskeli ya baba ilipoharibika nikaipeleka kwa Mzee Shaabani, nikakaa kutazama, na kwa namna fulani sikuondoka tena. Mzee Shaabani alikuja Mugumu kijana kutoka Pangani, akifuata mjomba wake mfanyabiashara, akaoa hapa hapa. Kikurya chake kinawachekesha hata mbuzi, lakini anakisema bila aibu. Akikwambia jambo mara moja, halirudii tena, kwa sababu hajui kueleza. Ukimuuliza kwa nini, anaongeza sauti ya redio.

Siku yangu ya kwanza aliletewa baiskeli na mwanamume mmoja aliyetaka cheni ikazwe, basi. Mzee akaitazama baiskeli jinsi unavyomtazama mtu anayeingia mlangoni, akamwambia yule bwana, "Goti lako la kulia linakuuma ukipanda mlima." Yule bwana akageuka kunitazama mimi, kama vile ndimi niliyetoa siri ya nyumbani kwake. Alipoondoka nikauliza umejuaje. Redio ikapanda. Ilinichukua siku tatu za kuikumbuka ile baiskeli ndipo nikaelewa: mpira wa pedeli ya kushoto ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, wa kulia mpya kabisa. Mtu alikuwa akipanda milima kwa mguu mmoja.

Tangu siku ile nikawa siwezi kupita karibu na baiskeli iliyoegeshwa bila kusimama. Jaribuni na ninyi. Tazameni siti iliyong'aa upande mmoja. Tazameni mpira wa mshikio ulipolika. Miaka minne chuoni nilisoma nguvu na pembe kwenye ubao, na hapa nguvu zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwenye mpira na chuma, na mzee asiyejua neno hata moja la fizikia alikuwa akizisoma huku akila muhogo. Sijui niwaambieje. Nilikuwa kama mtu aliyejifunza kusali kwa kitabu, halafu akamsikia mtu akizungumza na Mungu.

Lakini kusoma kunaponza pia. Kwenye simu nilipata kanuni ya urefu wa siti: unapima mguu wa mteja kwa ndani, unazidisha, unapata jibu. Nikanunua utepe wa fundi cherehani. Mzee akaniita Msomi, na jina likanishika. Mteja wa kwanza kumpima alikuwa Chacha, anayeleta maziwa mjini kila asubuhi, madumu mawili makubwa ubavuni mwa keria. Nikampandishia siti mpaka jibu la kanuni. Akaizungusha uwanjani, akasema tamu, anapaa. Kesho yake asubuhi mbuzi wakamkatia njia. Akashika breki, akashusha mguu kutafuta ardhi, ardhi haipo. Akaenda chini na madumu yote.

Alikuja na nguo nyeupe kwa maziwa mpaka magotini. Alinisimamia palepale mbele ya wateja.

"Msomi, ng'ombe wangu wametoa maziwa. Wewe umewapa mbwa wa Mugumu."

Watu walicheka wiki nzima. Mbwa mmoja wa pale sokoni wakampa jina langu, Bhoke. Mimi nilikuwa nikifikiria tu kwamba lingekuja lori badala ya mbuzi. Nilimfikiria Chacha chini ya lile lori ambalo halikuja, na watoto wake, na mimi nikieleza kanuni msibani. Mzee hakucheka wala hakugomba. Alishusha siti ya Chacha vidole viwili, akasema, "Mtu wa mzigo anaendesha, halafu anasimama. Wewe umempima akiendesha."

Kwa hiyo shikeni hili. Mkalishe mteja juu ya siti, mtu mwingine ashike baiskeli kwa mbele. Pedeli iwe chini kabisa, aweke kisigino juu yake: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Akishasogeza mguu akakanyagia mbele ya unyayo, goti litajikunja kidogo lenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Kama anabeba mzigo, shusha vidole viwili ili akisimama ncha za vidole vya miguu zipate ardhi. Halafu laza siti. Mimi hulaza juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu, nikatazama maji. Siti ikiinamia mbele hata kidogo, mtu anateleza siku nzima kuelekea usukani, na anayemzuia asianguke ni mikono yake. Hajui. Anadhani ameketi, kumbe ameshikilia ukuta.

Nilidhani hilo ndilo tatizo la Sista Atupele. Nikalaza siti yake. Aliondoka akinishukuru. Yeye alikuwa akija Mugumu kuchukua chanjo kwenye ghala la wilaya, baiskeli juu ya basi, kwa hiyo kila nilipokosea nilijua baada ya siku nyingi. Safari ya pili akaja ganzi ipo palepale. Nikasogeza siti mbele. Safari ya tatu nikalegeza shingo ya usukani, nikaipandisha kidogo, nikageuza mishikio ili kiganja kikae sawa na mkono usipinde kwenye kifundo chake. Uwanjani alikuwa anakaa vizuri mpaka nikampiga picha. Safari ya nne akaja, akaketi kwenye benchi, akafungua mkoba na kuitoa ile barua. Hakuipeleka popote. Aliishika tu, kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimejaza kurasa sita za daftari kwa ajili ya mkono ule. Nilikuwa na michoro. Nilikuwa nimepima umbali wa kila kitu na kila kitu. Nikamwambia Sista huenda ni ugonjwa, si baiskeli, aende hospitali. Akaniambia amekwenda. Walimwambia apunguze kuendesha.

Hapo ndipo Mzee Shaabani alipozima redio. Mimi sikuwahi kumwona akizima redio wakati timu yake inacheza. Alimtazama Sista begani, pale sare ilipopauka na kuchakaa upande mmoja kuliko mwingine, akauliza taratibu.

"Mwanangu, huko vitongojini unakwenda hivi hivi, mgongo mtupu?"

Sista akacheka. Akasema hapana, anabeba kisanduku cha chanjo, kile cha barafu. Kwanza alikuwa akikifunga kwenye keria, lakini njia ile ina mawe, kilirushwa mpaka kifuniko kikafunguka na chanjo zikaharibika. Tangu hapo anakifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Wanawake wa kule wanamtania kwamba nesi ana mtoto wa baridi asiyelia. Kwetu alikuwa hajaja nacho kamwe, kwa sababu kila akifika Mugumu anakiacha kwanza ghalani kijazwe.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Hamkuniuliza," alisema.

Kurasa sita. Nilikuwa nimempima mtu ambaye hapandi baiskeli ile. Anayeipanda ni mwingine, ana mzigo wa barafu mgongoni na kitenge kifuani, na huyo sikuwahi kumwona. Kosa ni lile lile la Chacha, nimelivalisha tu sare ya nesi.

Mzee akamwambia akakichukue kisanduku, arudi kama anavyokwenda kazini, na mabuti yake, na kofia yake, asipunguze kitu. Alirudi. Akafunga kitenge, akapanda, akazunguka uwanja mara moja, na hata mbwa Bhoke angeliona lile tatizo. Kisanduku kilimsukuma mabegani. Yeye akainama kukisawazisha, na uzito wote, wake na wa barafu, ukashuka kwenye viganja viwili. Mkono wa kulia ndio uliobeba zaidi, kwa sababu fundo la kitenge lilivuta upande ule.

"Umewahi kumwona mama mwenye mtoto mgongoni akiinama hivyo saa nzima?" Mzee aliniuliza. "Anakaa wima. Mtoto analala juu ya kiuno. Mkalishe huyu kama mama."

Nikapata kazi. Shingo ya usukani hulegezwa hivi: bolti ya juu ilegeze mizunguko michache tu, usiitoe yote, maana kabari iliyo chini itadondoka ndani ya bomba na utaisaka mpaka jioni. Weka kipande cha mbao juu ya bolti, gonga kwa nyundo mara moja, kabari inaachia. Kisha vuta juu. Nikavuta. Ikapanda, ikapanda, na Sista bado anainama. Nikavuta tena, ukatokea mstari.

Kwenye bomba la shingo, karibu na chini, kuna mistari midogo imechongwa. Ni alama ya mwisho. Ukiuona mstari juu ya fremu, chuma kilichobaki ndani hakitoshi, na siku moja kwenye mteremko shingo itang'oka na mtu atabaki ameshika usukani hewani. Mzee akaniambia nivute kidole kimoja zaidi, kidole tu, amefanya hivyo kwa watu wengi na wote wazima.

Nataka mjue kwamba sikuwahi kumbishia. Ni mzee wangu, ninamwamkia shikamoo kila asubuhi, na kile ninachojua ni yeye aliyenipa. Lakini mimi ndiye mtu wa malori ambayo hayajaja. Nilimwona Sista kwenye mteremko, nikaona kisanduku kikimpita kichwani.

"Mzee, samahani," nilisema. "Hapo sivuki."

"Msomi."

"Hata ukinifukuza. Sivuki mstari."

Fundi wa viatu jirani yetu aliacha kushona. Mzee alinitazama, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu vya kuondoka navyo. Kisha akageuka, akaenda ukutani, akaondoa koti lake kwenye msumari. Kumbe haukuwa msumari. Miaka yote ile koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye usukani wa zamani, ule mpana unaopanda juu kisha kurudi nyuma, kama pembe za fahali wa Kikurya. Akaupiga vumbi kwa kiganja.

"Basi tusipandishe shingo," alisema. "Tulete mishikio kwake."

Tukashusha shingo mpaka mstari ukazama ndani kabisa. Tukaufunga ule usukani wa pembe. Waya za breki hazikufika, tukaweka ndefu zaidi, na hapa sikilizeni: ukishabadilisha usukani, ugeuze kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, utazame kama waya unavutwa. Ukivutwa, breki itajishika yenyewe kwenye kona. Tukatoa siti nyembamba tukaweka pana yenye springi, kwa sababu mtu akikaa wima uzito wote unakwenda chini, na siti nyembamba itamwadhibu. Nikalaza chupa ya maji juu ya siti. Nikashusha vidole viwili kwa ajili ya barafu. Nikabana gurudumu la mbele kati ya magoti, nikajaribu kupindua usukani kwa nguvu zangu zote. Haukusogea. Nikajaribu tena. Na tena. Mzee akaniambia sasa nitauvunja.

Sista akapanda. Akakaa. Kisanduku kikashuka kutoka mabegani kikaketi juu ya kiuno, na mgongo wake ukanyooka kama wa mtu aliyeitwa jina lake. Mzee akamwambia akiwa anaendesha achezeshe vidole juu ya mishikio, kama anapiga kinanda. Vidole vikacheza. Alizunguka ule uwanja wa vumbi mara tano, mbele ya fundi wa viatu, wauza nyanya na mbwa Bhoke, na mimi sikuona chuma tena. Hicho ndicho ninachotaka kuwaachia, hata kama spana mtazipoteza. Chuma kile kile, siti tu na pembe mbili, na mwanadamu anabadilika kuwa kitu kingine mbele ya macho yako, na wewe umesimama pale na grisi kwenye kucha.

Lakini uwanja uliwahi kunidanganya mara nne. Siku ya chanjo nilidanganya nyumbani kwamba naenda kumsalimia shangazi, nikapanda basi la asubuhi mpaka Busawe, nikashuka, nikaelekezwa kwa miguu mpaka kitongoji cha mbali, nikafika kabla yake. Nilikuwa na spana mbili mfukoni. Chini ya paa la mabati la kanisa dogo walikuwa wamekaa akina mama saba. Mmoja wao, mnene mwenye kitambaa cha njano, alikuwa na mtoto wa kike mapajani na hakuwa anazungumza na wengine. Niliambiwa baadaye kwamba ndiye yule ambaye mtoto wake alichomwa mara mbili. Alikuwa amerudi, lakini alikuwa ameketi karibu na mlango kuliko wote.

Sista akatokea kwenye njia ya mahindi, wima, anakuja taratibu kama mtu anayeletwa na kiti. Akanishangaa, akaniamkia, nikamwambia napita tu. Akamteremsha mtoto wake wa baridi. Akanawa mikono. Nikangoja akae kuvisugua vidole. Hakukaa.

Alimwita mama wa kitambaa cha njano awe wa kwanza. Yule mama akasita, akawatazama wenzake, akaja. Sista akamwambia amshike mtoto mguu, asiogope. Mimi nilitazama vidole. Kile kidogo na cha pete vilikuwa vimejikunja chini ya sindano, vimetulia, vinabeba sehemu yao kama wenzao. Sindano ikaingia, ikatoka. Mtoto alikuwa bado anautazama uso wa Sista, hajaamua kama kuna jambo limetokea. Kisha akaamua, akalia kwa nguvu zote, na mama yake akacheka, akamgeuza begani.

Hakwenda mlangoni. Alisogea kwenye benchi, katikati ya wengine, akaketi.

"Anayefuata," alisema Sista.